Aliyefunga Breki Hushuka Nazo

Kwa siku nne swali moja lilininyima usingizi: ile chupa niliyoimimina kwenye gari la Jovin ilikuwa na nini ndani yake? Nilikuwa na shahada ya uhandisi mitambo na miezi saba ya kushika spana katika gereji ya Fundi Laurian mjini Ngara, lakini sikuweza kujibu jambo ambalo muuza duka angelimaliza kwa kunusa. Nikilala chali niliiona chupa. Nikigeukia ukutani niliiona tena, na sasa zilikuwa mbili: chupa mbili za maji ya kunywa zilizobanduliwa lebo, ujazo uleule, rangi ileile ya chai iliyochujwa hafifu, moja ya mafuta ya breki na nyingine ya oili ya jeki. Nilishika ipi? Niliinyanyua kwa mkono gani? Jumamosi gari lile lilikuwa liwabebe wanakwaya kumi na mmoja kutoka Ngara hadi Biharamulo, na pedali yake ya breki ilikuwa inazama polepole chini ya mguu wangu. Chini ya mguu wangu peke yangu, maana kila mwingine aliyeikanyaga alisema ni ngumu kama jiwe.

Mwezi uliopita Fundi Laurian alinipigia simu. "Injinia," alisema, na siku hizi, ninapokagua magari ya ujenzi, wapo wanaoniita hivyo bila kucheka, "wenye kiwanja wanakitaka kiwanja chao. Njoo uchukue kilicho chako." Nilimwambia sikuacha kitu pale. "Umeacha," akasema, akakata simu, kwa sababu siku zote aliamini kwamba aliyesikia amesikia. Nilipofika nilikuta mabati ya banda yameshashushwa na kuegemezwa kwenye mkaratusi, na ile sakafu ya udongo iliyokuwa nyeusi kwa oili ya miaka mingi imelala juani wazi kabisa, hata nikaona haya kidogo, kama mtu aliyeingia bafuni bila kubisha hodi. Tulikula ndizi za kupika na maharage kutoka kwenye sufuria ya mkewe, Mama Editha, anayeimba sauti ya pili kanisani hadi leo, na ambaye hadi leo akiniona hunisalimia kwa kuniuliza kama nimekuja na spana namba kumi. Baada ya chakula fundi aliingia ndani, akatoka na glasi ndogo ya chai iliyofungwa kwenye gazeti, yenye ufa mdogo mdomoni. "Hii ndiyo yako," alisema. "Mwenye glasi alikataa irudi dukani kwake. Alisema humo hainyweki tena chai." Nimeiweka mezani ninapoandika. Haina uzuri wowote, lakini ndani yake nilijifunza jambo ambalo miaka minne ya chuo haikunifunza, na sina shaka hata kidogo ninapolisema hilo, mimi ambaye wakati ule nilikuwa na shaka hata na jina langu mwenyewe.

Nilifika Ngara kwa sababu niliomba kazi mahali pengi, majibu hayakuja, na Fundi Laurian alikuwa mtu wa kwanza kusema "njoo" kabla sijamaliza kujieleza. Nilipanga chumba uani kwa Mama Swaumu, mwenye duka la vipuri lililopakana na gereji. Watu wake walitoka pwani na biashara zao enzi ambazo hata yeye alisimuliwa tu, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado na chumvi ya huko, na kila alipopata nazi kutoka kwa madereva wa masafa marefu alipika wali ambao harufu yake ilipita juu ya ukuta na kuwasimamisha mafundi kazi. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo, meza iliyosimama kwa miguu mitatu na tofali, na dirisha lililotazama rafu ya gereji. Ukuta kati yangu na duka ulikuwa mwembamba. Jioni nilisikia kila kitu: nani amenunua plagi, nani ameachwa na mke, lori gani limekwama mpakani Rusumo kwa sababu ya karatasi moja. Siku moja nilisikia habari zangu. "Yule mtoto wa kike ana akili nyingi mpaka zinamsumbua," Mama Swaumu alikuwa akimwambia mteja. "Zingekuwa kidogo, angelala." Nililala nikiifikiria kauli hiyo hadi jogoo wakawika, jambo ambalo naona lilithibitisha hoja yake.

Fundi Laurian alikuwa Mhangaza wa hapohapo Ngara, mfupi, mwenye vidole vinene na sauti ya chini. Kazi alijifunzia kwenye malori yaliyopeleka chakula Lukole, wakati kambi za wakimbizi zilipokuwa zimejaa watu, na madereva walikuwa wakifika na breki zinazonuka moshi. Aliniambia kuwa pale hakuna aliyekuwa na muda wa kukueleza. Ulishika, ukaungua, ukajua. Kutoka huko alirudi na sheria moja ambayo ndiyo ilikuwa ibada ya gereji yetu: aliyefunga breki hushuka nazo. Gari likitoka mikononi mwako, wewe ndiye wa kwanza kuliendesha kuteremka mlima wa Ngara, wewe na si mwenye gari, hadi kwenye kona ya mikaratusi na kurudi. Wateja waliipenda sheria hiyo. Walisimama barabarani na vikombe vya chai wakimtazama Laurian akipotelea bondeni, na walipomwona anapanda tena walilichukua gari bila swali. Namna alivyokanyaga breki pia ilijulikana. Hakubembeleza. Aliliachia gari likimbie, kisha akaishindilia pedali kwa mguu wake wote, matairi yakalia. "Bleki ni ya kukanyaga," alikuwa akisema, kwa lafudhi ya kwao, "haiombwi radhi." Madereva wote wa milima ile hukanyaga hivyohivyo. Ukizaliwa kwenye miteremko, mguu wako hujifunza uzito mapema.

Mimi nilitoka Biharamulo, kwenye tambarare, na mguu wangu ulikuwa wa uoga. Nilikanyaga pedali kama mtu anayejaribu kama ubao unaweza kumbeba. Jovin, dereva na mwenye Land Cruiser ya zamani iliyokodishwa kwa harusi, misiba na kwaya, aliniona siku moja nikilisogeza gari uwanjani, akapaza sauti: "Dada Digrii, hilo ni gari, siyo mtoto aliyelala!" Kila mtu alicheka, nami nikacheka kwa kuchelewa.

Sasa habari ya chupa. Mjini Ngara vimiminika vingi vya gari huuzwa vya kupima. Mama Swaumu alikuwa na madumu makubwa, na sisi tulipeleka chupa tupu za maji, akatujazia tulichohitaji. Kwa kuwa chupa zote zilifanana, Laurian alizivisha shingoni vipande vya mpira wa ndani wa tairi: fundo moja ni mafuta ya breki, mafundo mawili ni oili ya jeki. Ungeweza kuzitambua kwa kupapasa tu, ukiwa chini ya gari, bila hata kutazama. Kwangu, mwenye shahada, jambo hilo lilionekana la kishamba. Mwezi wangu wa tano pale niliivua mipira yote, nikaandika lebo za karatasi kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa zilizonyooka, nikazibandika kwa gundi. Laurian alisimama mbele ya rafu akazisoma moja moja kwa sauti. "Maandishi mazuri," alisema. Niliichukua kauli ile kuwa sifa. Lakini chupa za gereji huchuruzika, na oili haina heshima kwa gundi. Baada ya wiki chache lebo mbili zilikutwa sakafuni. Niliziandika upya na kuzirudisha mahali pake, au pale nilipoamini kuwa ni mahali pake. Siku ileile Jovin alipita kwa haraka, taa ya breki ikiwaka kwenye dashibodi, tangi lake dogo la mafuta ya breki limepungua. Laurian alikuwa chini ya Fuso. "Mwongezee, Injinia," alisema kutoka chini. Nikamwongezea.

Jovin alirudi wiki tatu baadaye, siku ya Jumatatu. Pedali ilikuwa laini, alisema, inakwenda chini na akipampu mara mbili tatu inarudi juu. Laurian alitoa hukumu kabla hajafungua boneti: upepo. Na hakuwa amekosea kwa kiasi fulani, maana pedali inayopanda ukiipampu mara nyingi huwa na upepo ndani ya mabomba, na upepo hubonyea pale ambapo mafuta hayabonyei. Tulikagua magurudumu yote manne, hakuna palipolowa. Nilikaa kwenye usukani nikikanyaga na kushikilia, yeye akizungukia kila gurudumu akifungua nati ndogo na kuifunga, kuanzia lililo mbali zaidi, hadi mafuta yalipotoka bila mapovu. "Kanyaga. Shika. Achia." Tulifanya hivyo kwa saa nzima. Kisha aliingia, akateremka mlima, matairi yakalia kule konani, akapanda. "Tayari," alisema.

Mimi ndiye niliyelirudisha gari mahali pa kuegesha. Nilikanyaga kwa mguu wangu wa uoga, nikaacha uzito wake utulie, na nikahisi pedali ikienda. Haikuanguka. Ilizama, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekubali usingizi, mpaka ikagusa sakafu.

"Fundi," nilisema, "inashuka."

Alikuja, akaingiza mguu wake kupitia mlangoni, akaipiga teke moja. Ngumu. Akarudia, na Jovin akafuata. Ngumu. "Injini ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

"Basi ni kawaida. Injini ikiwaka, pedali hushuka kidogo. Wewe umesoma, unalijua hilo."

Nililijua. Nyuma ya masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu, kuna kopo kubwa jeusi linaloazima nguvu ya injini na kuusaidia mguu, na injini ikiwashwa pedali hulegea kidogo halafu husimama. Lakini hii haikusimama. Nilifungua mdomo nimweleze tofauti hiyo, na nikaufunga, kwa sababu Jovin alikuwa tayari anatabasamu. "Dada Digrii amesikia gari linapumua," alisema. Laurian alicheka pia, bila ubaya. Alikuwa ameteremka mlima na breki zile, na sheria ilikuwa imetimia. Tulikubaliana libaki gereji hadi Ijumaa alasiri, litengenezwe viti, kisha Jovin alichukue kwa safari ya Biharamulo. Mama Editha alikuwa miongoni mwa waimbaji. Alikuwa akifanya mazoezi ya wimbo wa kuingilia huku akimenya ndizi nyuma ya banda, na kila alipofika kwenye ubeti wa pili alirudia mstari mmoja ambao haukumkaa sawa.

Siku nne zilizofuata nilifanya nilichokuwa bingwa wake: nilifikiri. Nilijiambia kuwa fundi mmoja na dereva mmoja wameikanyaga, na mimi ni nani. Nilijiambia kuwa pengine kiatu changu kinateleza. Kisha nilijiambia jambo ambalo nilikuwa nikilizunguka kama kuku anavyomzunguka nyoka: kwamba kama si upepo, na kama hakuna mafuta yanayovuja nje, basi yanavuja ndani, ndani ya masta silinda, yakipita pembeni ya raba zake. Na raba za gari lile hazikuwa za zamani. Laurian mwenyewe alizibadilisha mwaka uliotangulia. Ni nini huharibu raba mpya? Hapo ndipo chupa ilipokuja. Mafuta ya breki huishi vizuri na raba. Oili haiishi nazo. Huzivimbisha, huzilegeza, huzifanya ziwe kama mkate uliolowa chai. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua hilo. Mimi nililijibu kwenye mtihani.

Kilichonitoa kwenye kufikiri kilikuwa pampu ya baiskeli. Alhamisi mchana tulikuwa tunakula, na mzee mmoja wa ndizi alisimamisha baiskeli yake yenye mikungu mitano, akaomba kujaza upepo. Alikuja na pampu yake mwenyewe, ya zamani, ya mkono. Nilisimama kumsaidia. "Shikamoo, babu," nilisema, nikaishika pampu na kuanza kuisukuma kwa upole wangu wa kawaida. Hakuna kilichoingia. Nilihisi hewa ikinirudia kwenye vidole.

"Marahaba, binti. Siyo hivyo," mzee alisema, akaichukua. "Hii washa ya humu, kiduara cha ngozi, imechoka. Ukisukuma polepole hewa inaikwepa. Usukume kwa hasira, ngozi itanuke, ishike." Akaisukuma kwa hasira mara kumi, tairi likajaa, akanishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyefanya kazi, akaondoka.

Nilibaki nimesimama na mikono mitupu, maharage yangu yakipoa. Mguu wa Laurian ulikuwa mguu wa hasira. Ukiishindilia raba iliyochoka, inatanuka na kushika, na pedali inakuwa jiwe. Ukiikanyaga kidogo na kushikilia, kama anavyofanya dereva aliye nyuma ya foleni ya malori yanayotoka Rusumo kwenye mteremko mrefu, mafuta yanaikwepa. Jaribio letu la mlima, lile ambalo mji mzima uliliamini, lilikuwa haliwezi kuuona ugonjwa huu hata likirudiwa mara mia. Mguu pekee uliouona ulikuwa ule uliochekwa. Siwezi kueleza furaha niliyoipata kwa dakika moja hivi, kabla sijakumbuka kwamba kama niko sahihi juu ya raba, basi huenda niko sahihi juu ya chupa pia.

Ijumaa asubuhi Laurian alikwenda Kabanga kutazama lori lililoharibika. Nilikuwa peke yangu na gari, na nilifanya mambo kwa mpangilio. Niliacha injini imezimwa, nikapampu pedali mara nyingi hadi nguvu ya lile kopo jeusi ilipokwisha, ili nisijidanganye kwa kulegea kule kwa kawaida. Nikalaza mguu juu yake. Ikazama. Kisha nilichukua praiza tatu za kujifunga zenyewe, nikayavisha meno yake vipande vya mpira, nikazibana zile hozi za breki, mabomba ya mpira yanayokwenda kwenye magurudumu, mbili za mbele na moja ya nyuma. Sasa hakuna tone lililoweza kufika kwenye gurudumu. Kama ugonjwa ulikuwa kwenye magurudumu, au kama kuna upepo umebaki huko, pedali ingesimama juu. Nilirudi kwenye kiti nikalaza mguu. Ikazama vilevile, kwa utulivu uleule, hadi sakafuni. Ilikuwa masta silinda. Nilitamka kwa sauti, peke yangu, na sauti haikutetemeka.

Nilifungua kifuniko cha tangi. Raba ya ndani ya kifuniko ilikuwa imevimba na kujikunja kama sikio. Nilipojaribu kuirudisha kwenye nafasi yake haikuenea. Nilivuta mafuta kidogo kwa bomba la sindano, nikaenda dukani.

"Shikamoo, mama. Naomba glasi ya maji."

"Marahaba, mwanangu. Ya kunywa?"

"Hapana. Na tone moja la mafuta ya breki, kutoka kwenye dumu lenyewe."

Mama Swaumu alinitazama, akachukua glasi aliyokuwa anywee chai, akaisuuza, akaijaza maji, akaniletea na dumu. Niliangusha tone la mafuta yake kwenye maji. Lilizama, likachanganyika, likatoweka kama chumvi. Kisha nilibonyeza bomba la sindano. Lililotoka humo lilibaki juu, macho matatu ya rangi ya chai yakielea, yakisogeleana, yakawa jicho moja.

"Hiyo ni oili," alisema Mama Swaumu.

"Ndiyo."

"Imetoka wapi?"

"Kwenye breki za gari la kwaya."

"Yallah." Alikaa kwenye gunia. "Nani kaiweka?"

Hapo nilikuwa na jibu jingine tayari. Nataka niliandike, kwa sababu ndilo lililokuwa jaribu la mwaka ule. Katika kabati la kioo nyuma yake kulikuwa na seti mpya ya raba za masta silinda. Kwa saa mbili ningeweza kuibadilisha na kutoa upepo, na pedali ingesimama juu hata chini ya mguu wangu. Ningesema raba zilichakaa, hutokea. Kwaya ingesafiri, Laurian angeniita fundi, na chupa isingetajwa kamwe. Ila oili ingekuwa bado imo ndani ya mabomba na kwenye raba za magurudumu yote manne, ikila, na hizo raba mpya nazo zingeanza kuliwa. Zingeshindwa lini, sikujua. Huenda baada ya Biharamulo. Huenda kabla. Ili gari lisiende ilikuwa lazima niseme kwa nini, na nikisema kwa nini nimejisema mwenyewe.

"Mimi," nilimwambia Mama Swaumu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema, na niliona kwamba mara ya pili itakuwa nyepesi.

Saa tisa walifika wote pamoja. Laurian alirudi na bodaboda, Jovin alikuwa na ufunguo wa akiba ukining'inia kidoleni, na Mama Editha alileta mfuko wa sare za kwaya aupakie mapema. Niliiweka glasi juu ya boneti.

"Gari halijawa tayari," nilisema.

"Dada Digrii, tena?" Jovin alisema.

"Fundi, kaa kwenye usukani. Usiwashe. Usikanyage kama unavyokanyaga. Weka mguu kama umeuweka juu ya yai."

Laurian aliingia. Aliweka mguu. Nilimwona usoni alipohisi. Aliachia, akaweka tena, akaishikilia hadi mwisho, na mkono wake ukatoka dirishani ukashika mlango kwa nje, kama mtu ambaye kiti kimemsogea. "Buhoro," alisema kwa lugha ya kwao. Polepole. Inakwenda polepole.

"Nipisheni mimi nione," Jovin alisema. Alipanda, akashindilia mara tatu. "Jiwe! Mbona jiwe? Ukikanyaga kwa nguvu inashika. Mimi nakanyaga kwa nguvu maisha yangu yote. Watu kumi na mmoja wananisubiri, wenyeji wameshachinja. Kama ni raba, badilisheni raba, tuondoke."

"Siyo raba tu. Kuna oili kwenye mfumo wote. Hiyo hapo, inaelea." Niliinyanyua glasi. "Niliimimina mimi. Ile siku fundi alipokuwa chini ya Fuso. Nilivua mipira kwenye chupa, nikaweka karatasi, karatasi zikadondoka, nikazirudisha vibaya. Inabidi tuvunje kila kitu chenye raba, tuoshe mabomba, tuanze upya. Siyo leo wala kesho."

Mama Editha aliushusha mfuko wa sare. "Kwa hiyo kesho hatuimbi?"

Laurian alikuwa ametoka garini, akiitazama glasi, na nilijua alichokuwa anakitazama. Jumatatu alishuka na breki zile, mji ukimwona, akarudi akasema tayari. Nikiwa sahihi mimi, basi mlima wenyewe ulikuwa umemdanganya, mlima na sheria yake. Mwishowe alisema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, "Gari ni la Jovin. Jovin ndiye anayejua mguu wake."

"Umesikia," Jovin alisema, akanyoosha mkono kupokea ufunguo wa gari ulioachwa gereji, ule niliokuwa nao mfukoni. "Nitakwenda taratibu. Nitakanyaga kwa nguvu. Likirudi Jumatatu, mlioshe mtakavyo."

Nilikuwa nimefikiri sana mwaka ule. Nilikuwa nimefikiri juu ya barua zisizojibiwa, juu ya ukuta mwembamba, juu ya mkono wa kulia na wa kushoto. Wakati ule sikufikiri. Nilikwenda kwenye rafu, nikaiweka glasi, nikachukua spana namba kumi, nikafungua boneti, nikainama kwenye injini, nikaipachika kwenye nati ya bomba la kwanza la masta silinda. Gari lenye bomba lililofunguliwa haliendi popote, kwa mguu wa aina yoyote.

"Injinia," Laurian alisema.

"Aliyefunga breki hushuka nazo," nilisema bila kugeuka. "Mimi sishuki na hizi. Na Mama Editha hashuki nazo."

Nilizungusha. Nati ilikaza, kisha ikaachia, na mafuta machafu yakaanza kudondoka udongoni, tone baada ya tone. Nilihamia nati ya pili. Jovin alisema neno ambalo sitaliandika, akauweka ufunguo wake wa akiba mfukoni. Halafu nikasikia kitu kikiburuzwa chini. Fundi Laurian alikuwa amelisogeza karai la kukingia oili kwa mguu wake, polepole, hadi likasimama pale mafuta yalipokuwa yakidondokea.